Mpaka chokaa anayekwangua miti aliyoipaka mwenyewe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukungu bado umelala barabarani, na mwanamume mmoja amepiga magoti kwenye majani yenye umande, anakwangua shina la mwerezi kwa brashi ya waya. Pembeni yake kuna ndoo ya maji na panga butu. Unga mweupe unamwangukia mapajani na kwenye viatu vya mpira. Anakwangua, anamwagia maji, anafuta kwa kipande cha gunia, kisha anarudi nyuma kidogo kutazama. Shina bado lina madoa. Anapiga magoti tena.

"Kupaka ni kazi ndogo," anasema bila kugeuka. "Kukwangua mti mmoja ndiyo asubuhi nzima. Chokaa ikishashika gome, haiondoki. Ni kama mgeni aliyekuja na sanduku."

Anacheka kidogo, peke yake, halafu anaacha.

Hapa kila mtu anamwita Chokaa. Jina alilopewa na wazazi lipo kwenye kitambulisho, na halitoki humo mpaka siku aende hospitali. Ana miaka hamsini na minane. Ngozi ya vidole imebabuka, na jicho lake la kulia ni jekundu muda wote, kumbukumbu ya siku brashi ilipomrushia tone.

Kwa miaka mitatu sasa kazi yake ni kupaka chokaa mashina ya miti na mawe yaliyo kandokando ya barabara inayokatiza kijijini kwao, ili madereva waione njia penye giza. Barabara hiyo haina taa hata moja. Haina kwa sababu wenyeji wenyewe walizikataa, na Chokaa alikuwa mmoja wao.

Zamani njia hiyo ilikuwa ya vumbi. Mashimo ndiyo yaliyokuwa askari wa usalama. Hakuna aliyethubutu kukimbiza gari. Kisha ikaja lami, ikaja na magari ya mbao, ya mikate na ya mchanga, yote yana haraka. Mbuzi wakaanza kugongwa, kisha mbwa, kisha mwendesha baiskeli mmoja akavunjika nyonga. Baraza la wilaya likasema litaweka taa, kwa sharti moja: mierezi ya upande mmoja ikatwe kupisha nguzo na nyaya.

Hapo ndipo kijiji kiligawanyika. Mierezi ile ilipandwa na wazazi wa watu wanaoishi pale leo. Baba yake Chokaa aliotesha kadhaa, na watoto wake wawili wa kiume, Chokaa na mdogo wake, ndio waliokuwa wakibeba maji ya kumwagilia.

"Kijiji kikishawashiwa taa, kimekwisha," anasema mfuga nyuki mmoja, mtu mtulivu mwenye mvi, aliyeongoza upande wa wakataaji. "Taa ya kwanza inaleta baa. Baa inaleta vyumba vya kupanga. Vyumba vinamleta mtu mwenye kamba ya kupimia viwanja. Mimi nimeishi mjini miaka ishirini, nyota nilikuwa nazisikia tu kwa watu. Sitaki mjukuu wangu azione kwenye kitabu."

Ni hoja ya mtu mwenye akili zake. Mwandishi wa makala haya alilala kijijini hapo na anakiri kwamba nyota za kule si mchezo. Tatizo la nyota ni moja tu: hazimwonyeshi dereva kona iko wapi.

Katika mkutano wa kwanza, uliofanyika kwenye ukumbi wa shule, mikono iliyokataa taa ilikuwa mingi kuliko iliyozitaka. Mkono wa Chokaa ulikuwa juu. Wa mdogo wake, muuza maziwa, ulikuwa juu zaidi, kwa sababu alikuwa mrefu na alipenda utani.

"Alisimama akasema, 'Taa za nini jamani? Ng'ombe wangu namkamua gizani na maziwa yanatoka meupe vile vile.' Ukumbi mzima ukaangua kicheko," anakumbuka Chokaa. "Hata mwenyekiti alifuta machozi."

Ili isionekane kwamba hawajali usalama, wakataaji walitoa pendekezo. Miti ibaki, ila ipakwe chokaa mpaka usawa wa kifua cha mtu, na mawe ya ukingoni yapakwe pia. Kijiji kitachanga. Kazi akapewa Chokaa, aliyekuwa kibarua wa waashi na aliyejua kuchanganya.

Mapishi yake anayaeleza kwa fahari, hata leo. Unaanza na maji, kisha chokaa, si kinyume chake, la sivyo itakutokotea usoni. Unatia konzi ya chumvi ili ishike. Unaiacha ilale. Asubuhi unaikoroga kwa fimbo na kuipaka kwa brashi ya katani, ukianzia juu. Mvua kubwa moja inatosha kufuta kazi ya wiki nzima, naye anaanza upya.

Malipo yake kwa mwezi yanatosha gunia moja la mahindi, na yakibaki machache ni ya sabuni. Mkewe anaongezea kwa kushona nguo nyumbani.

"Miezi ya mwanzo nilikuwa namcheka," anasema mkewe, akikata uzi kwa meno. "Anarudi jioni mweupe kuanzia nyusi mpaka miguu. Namwambia, wewe, nimeolewa na mtu au na mzimu? Oga kwanza ndiyo unisalimie." Anashusha macho kwenye kitambaa. "Siku hizi simtanii. Mtu ana mzigo wake, utamtania nini?"

Mzigo huo ulianza na wema.

Kuna mahali ambapo barabara inakata kona kali kwenda kushoto. Pale pale kwenye kona, njia nyembamba ya gari inaendelea mbele moja kwa moja hadi kwenye lango la kijani la muuguzi mmoja mstaafu. Njia hiyo nayo ina mierezi pande zote mbili. Muuguzi alikuwa anamwoza binti yake, wageni wakitoka mbali. Akamwomba Chokaa ampakie na ile yake, wageni wasipotee.

Chokaa alikuwa na chokaa iliyobaki kwenye ndoo. Alipaka miti yote ya njia ile kwa jioni mbili, hakuchukua malipo, akapewa soda na ahsante. Harusi ikapita. Miti ikabaki myeupe, tena myeupe kuliko ya barabarani, maana haikurushiwa tope na magari. Watu wengine nao wakaanza kuomba: nipakie mti wangu wa mlangoni, nipakie jiwe langu la kona. Akawapakia. Kijijini hapo kupakiwa mti na Chokaa ikawa kama kupakiwa mlango rangi. Hakuna aliyeona ubaya wowote.

Pale njia ya lango inapoanzia ndipo wauza maziwa wanapokutana kusubiri gari la kiwanda. Zamani walikuwa wakisimama ukingoni mwa lami. Aliyewaambia wahame, waingie ndani kidogo kwenye ile njia, mbali na magari, alikuwa Chokaa.

"Nilimwambia mdogo wangu kwa kinywa changu," anasema. Brashi ya waya imesimama mkononi. "Nilimwambia, simama kule ndani kwenye miti, kule gari halifiki."

Asubuhi moja ya ukungu, kabla hakujapambazuka vizuri, gari la mikate lilishuka kwa kasi. Dereva alikuwa kijana, mgeni wa barabara ile. Kwenye kona hakukata. Alikwenda mbele moja kwa moja, akaingia kwenye njia ya lango la kijani, kati ya miti miwili myeupe, na kumkuta yule muuza maziwa, mdogo wake Chokaa, amesimama na baiskeli yake. Wenzake wawili walikuwa hawajafika. Alikufa kabla ya jua kutoka, na maziwa yakamwagika mpaka mtaroni.

Dereva hakukimbia. Alikaa chini akilia, na kila aliyemuuliza alimjibu neno moja: alikuwa anafuata miti.

Watu wakamzomea. Wengine wakasema alikuwa amesinzia, wengine amelewa. Polisi waliandika uzembe wa dereva, na jambo likaishia hapo. Msibani kila aliyekuja kumpa pole Chokaa alimwambia maneno yale yale ambayo wote tunayasema tukikosa la kusema: ajali haina kinga.

"Kila nikisikia hivyo nilikuwa nainuka naenda kupasua kuni," anasema. "Lile neno la dereva lilinikaa. Anafuata miti. Miti ya nani? Miti yangu."

Hakulala. Baada ya mazishi alingoja asubuhi nyingine ya ukungu, akaomba lifti kwenye gari la mbao na kuketi mbele, karibu na dereva. Gari liliposhuka kuelekea kwenye kona, aliona kwa macho yake alichokitengeneza. Miti ya kona ilikuwa imechafuliwa na tope, haionekani. Miti ya lango ilikuwa inang'aa mbele, mstari mmoja ulionyooka, kana kwamba barabara ndiyo inayoendelea kule. Dereva wa mbao alikata kona kwa sababu aliizoea tu.

"Nilimwambia asimame. Nikashuka, nikarudi nyumbani kwa miguu."

Alimwambia mkewe, na mkewe akamsihi anyamaze. Maji yakimwagika hayazoleki, alisema, na kusema hakutamfufua marehemu. Chokaa alinyamaza miezi. Aliendelea kupaka barabara, ila hakugusa tena njia ya lango. Alipokutana na shemeji yake, mjane wa mdogo wake, alikuwa anainamisha kichwa kama mwizi.

Mjane huyo ana watoto watatu, na wote wanamwita Chokaa baba mkubwa. Wiki chache tu baada ya msiba aliichukua kazi ya mumewe. Ng'ombe hawajui msiba, anasema. Asubuhi wanataka kukamuliwa. Anapita barabara ile ile, giza lile lile, na maziwa yale yale. Yeye ndiye aliyeanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kudai mkutano wa pili kuhusu taa.

Siku tatu kabla ya mkutano, Chokaa alikwenda nyumbani kwake akiwa peke yake. Alimkuta anaosha madumu ya maziwa. Hakukaribishwa kiti, naye hakutaka kiti. Akamweleza yote, kuanzia harusi mpaka lifti ya gari la mbao.

"Nilidhani atanipiga na dumu," anasema. "Ningefurahi angenipiga."

Mjane mwenyewe anakubali kuzungumza na mwandishi kwa ufupi, akiendelea na kazi zake. Ni mwanamke mwembamba, sauti ya chini.

"Nilimaliza kwanza kuosha madumu yote," anasema. "Halafu nikamwambia, shemeji, hayo maneno usiniletee mimi peke yangu. Kayaseme mkutanoni. Wakijua chokaa inaweza kuua mtu, wataleta taa. Nikamwambia na toka leo usinisalimie mpaka umeyasema."

Ilikuwa akili nzuri, na mwandishi naye angedhani hivyo hivyo. Nani angemsikiliza kaka wa marehemu akijitwika kosa mbele ya kijiji kizima, kisha akanyoosha mkono kuchagua giza?

Ukumbi wa shule ulijaa siku hiyo mpaka watu wakakalia madirisha. Chokaa alipopewa nafasi alisimama na kofia mkononi. Waliokuwepo wanasema hakuzungumza sana. Alisema aliipaka miti ya lango kwa mkono wake, alimweka mdogo wake pale kwa mdomo wake, na dereva hakusema uongo. Akamalizia kwa kuomba taa kwenye kona. Muuguzi wa lango la kijani alikuwa safu ya pili, anatazama viatu vyake.

Kisha akasimama mfuga nyuki. Hakuwa na kejeli hata kidogo. Macho yalikuwa yamemlowa, na hilo ndilo linalomuumiza Chokaa zaidi, kwamba mzee yule alimhurumia kweli.

"Ndugu zangu," alisema, kwa kumbukumbu za wengi waliokuwepo, "msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Ndugu yetu leo ametufundisha. Siku zote tumekuwa tukibishana kama giza ndilo lililomuua kijana wetu. Kumbe siyo giza. Giza lipo tangu babu zetu. Kilichomuua ni miti iliyopakwa pasipotakiwa. Basi ile miti ikwanguliwe, na kuanzia leo asipake mtu mti bila idhini ya kamati ya kijiji. Tatizo limekwisha, na mierezi yetu tusiikate."

Ukumbi ulipiga makofi. Watu waliokuwa wamekuja na nia ya kuinua mkono kwa ajili ya taa walipumua, kama waliopewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Kura ilipigwa. Taa zilishindwa vibaya kuliko mara ya kwanza.

Wakati wa kutoka, watu walipanga mstari kumpa mkono Chokaa. Walimwita mwanamume. Mmoja alimkumbatia. Ni vigumu kueleza uchungu wa mtu anayepongezwa kwa kitu kilichomshinda. Mjane alipita katikati ya ule umati hali ametazama mbele, akaenda zake.

"Nilikwenda kuwaonyesha kidonda," anasema Chokaa, "wao wakasema ahsante, tumeona dawa."

Mwandishi alimfuata muuguzi mstaafu kwenye lango lake kumuuliza alikuwa na maoni gani. Alikuwa mpole, lakini alizungumza akiwa ameshika komeo. "Mimi nilitaka wageni wasipotee njia. Nani angewaza mengine? Naona nikifungua mdomo nitaumiza watu zaidi." Akafunga.

Ndiyo maana leo Chokaa hapaki, anakwangua. Kamati imempa mwezi mmoja aondoe weupe wote wa njia ya lango, kisha arudi kwenye barabara na kuipaka upya, kona ikipewa kipaumbele. Mkewe alimtaka aiache kazi hiyo, waitafutie mtu mwingine. Amekataa.

"Nikiiacha watamleta kijana asiyejua," anasema. "Atapaka anavyojisikia. Mimi angalau najua mti gani unaua. Na shemeji yangu anapita hapa kila asubuhi. Nani atamwangalia?"

Anaeleza kwamba kona ameshaipaka mara mbili tangu mkutano, na mara zote mbili magari yameirushia tope kabla ya siku ya tatu. Mvua zimeanza. Juzi gari la mchanga lilipitiliza kidogo, likasimama na magurudumu ya mbele yakiwa kwenye majani. Hakuumia mtu, hivyo hakuna aliyeitisha mkutano.

Jua linapoanza kupenya ukungu anapumzika, anakunywa chai kutoka kwenye chupa, na ndipo anaposimulia lililotokea Jumapili iliyopita. Anasimulia polepole, akisugua jicho lake baya kwa kiwiko.

Alikuwa ukingoni mwa barabara, anapaka mawe. Mjane alikuja akisukuma baiskeli, madumu yakiwa matupu. Chokaa aliinama kama kawaida ili apite. Hakupita. Aliegemeza baiskeli kwenye mti. Akavua koti alilovaa, koti jeusi zito la marehemu mumewe, akalitandika juu ya jiwe mgongo ukiwa juu.

"Akaniambia, shemeji, miti umeipaka, mawe umeyapaka. Basi nipake na mimi."

Kilikuwa ni kipindi kirefu tangu aitwe shemeji. Alimweleza kwamba chokaa haikai kwenye nguo. Ikikauka inapasuka na kumwagika, na mvua ndiyo inaimaliza. Mjane akamjibu kwamba atakuwa anamletea kila Jumapili. Chokaa alichovya brashi na kuchora mstari mpana toka bega mpaka bega, na mwingine kushuka uti wa mgongo. Mstari haukunyooka. Walikaa pale wakisubiri likauke, yeye upande huu, shemeji upande ule. Kisha mjane alilivaa koti, akapanda baiskeli na kwenda.

Asubuhi hii, kabla ya mwandishi kufika, alimwona akipita. Mistari ilikuwa imeshapukutika, imebaki vumbi kwenye mishono.

Mkutano mwingine wa kijiji utafanyika baada ya mavuno, na Chokaa ameshapeleka ombi la kuzungumza. Mwenyekiti amemkubalia, kwa heshima zote. Kuna kitu kimoja atakachokibadilisha.

"Nitasema giza limemuua mdogo wangu, basi, nikae chini," anasema. "Habari ya miti sitaitaja. Wakiniuliza, nitasema siku ile nilikuwa na majonzi, nilichanganyikiwa."

Mwandishi anamuuliza kama haoni kwamba huo utakuwa uongo. Chokaa anaokota brashi ya waya, anaigonga kwenye gome ili kutoa unga, na kuchagua mti unaofuata.

"Ukweli nimeshausema," anasema. "Mimi nilipigiwa makofi, na shemeji yangu bado anapita gizani."